Namna ya kuchora bango la ndondi kutokana na ulingo wa utotoni: mwongozo kamili kutoka Lamu

Ulingo wetu ulikuwa Shela, chini ya vilima vya mchanga, na ulidumu kama saa mbili tu. Siku za bamvua maji hujaa alasiri na pwani yote ikawa bahari, kwa hiyo tulilazimika kungoja maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana. Hapo maji yalikuwa yamepwa tulipotoka chuoni, yaani madrasa. Tulikimbia na fito nne za mikoko, tukazichomeka mchangani, tukazungusha kamba ya usumba. Glovu zetu zilikuwa soksi kuukuu tulizozijaza makumbi ya nazi. Kengele ilikuwa mfuniko wa sufuria. Magharibi ikikaribia, maji yalipanda taratibu yakaufuta ulingo, na pambano likaishia hapo, iwe kuna mshindi au hakuna.

Nimeandika majina ya vyombo vya baharini na kuchora mabango kwa zaidi ya miaka ishirini. Katika kazi zangu zote, ninayoipenda zaidi ni bango la ulingo ule. Watu wengi wameniuliza nililifanyaje, hasa vijana waliokua wakipenda ndondi na sasa wanataka kuyaweka mapenzi yao ukutani. Haya ndiyo niliyoyafanya, pamoja na makosa yaliyonigharimu pesa.

Anza na daftari, penseli baadaye

Mtu akiambiwa achore bango la ndondi, mkono wake hukimbilia kwa Muhammad Ali amesimama juu ya mpinzani aliyeanguka. Bango hilo limeshachorwa mara elfu. La utoto wako bado.

Chukua daftari uandike vitu ishirini unavyovikumbuka. Andika vitu vyenyewe, hisia ziache kwanza. Usiandike "furaha". Andika kamba ilikuwa ya nini, nani alipiga kengele na kwa kitu gani, mlivaa nini, nani alikatazwa na mamake asije, damu ya kwanza ilitoka puani kwa nani. Mimi nilipofika kitu cha kumi na tatu ndipo nilipokumbuka kwamba makumbi yalikuwa yakitoka kwenye matundu ya soksi kila ngumi inapotua, yakabaki yameganda kwenye nyusi za mwenzangu. Nisingelikumbuka hilo kama ningeanza kuchora siku ya kwanza.

Andika pia mlikuwa mnajiita nani. Sisi tulikuwa watoto wa mwaka 1988, mwaka ambao Robert Wangila alitwaa dhahabu ya uzani wa welta kwenye Olimpiki za Seoul kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili. Kabla yake, Philip Waruinge alikuwa ameleta shaba kutoka Mexico 1968 na fedha kutoka Munich 1972, lakini sisi tulimjua Wangila. Kila mmoja wetu alitaka kuwa yeye, hata ikabidi tupange zamu ya jina. Zamu ile iliingia kwenye bango langu: watoto wawili ulingoni, na wa tatu amekaa nje ya kamba akingoja kuwa Wangila.

Ukimaliza orodha, chagua kitu kimoja kikubwa na viwili vidogo vya kukisindikiza, basi. Kikubwa changu kilikuwa maji yanayopanda kuelekea ulingoni. Vidogo vilikuwa glovu za makumbi na mfuniko wa sufuria. Mengine kumi na saba yalibaki daftarini, na yapo huko hadi leo.

Hapa kuna kishawishi kimoja kwa sisi wa Lamu. Utataka kutia mlango wa nakshi, punda, jahazi na kofia. Kama mlango ulikuwapo kwenye kumbukumbu yako, mchore. Kama hukuwa unapigana mbele ya mlango, uache. Bango likijazwa alama za mji huwa kama kadi ya kuuziwa mgeni gatini, na wewe unapotea ndani yake.

Jua mwili unavyopiga

Mpenzi wa ndondi ataliangalia bango lako na kuona kosa kabla ya kuona uzuri. Kwa hiyo hii ni hatua ya kukaa nayo.

Konde huanzia kisiginoni. Bondia anayepiga kwa mkono wa kulia akiwa amesimama mguu wa kushoto mbele, kisigino cha mguu wa nyuma huinuka, goti huingia ndani, nyonga huzunguka, bega hufuata, na mkono huwa wa mwisho kufika. Ukichora mkono umenyooka huku miguu imesimama bapa chini, mtu wako anaonekana anampa mwenziwe kitu apokee. Mkono wa pili haulegei: ngumi yake inalinda shavu. Kidevu kimeinama, na bega la mkono unaopiga limepanda karibu kukifunika. Kifundo cha mkono kimenyooka na kigasha, hakikunjiki.

Ukubwa wa glovu nao una maana. Katika ndondi za kulipwa, mabondia wa hadi kilo 67 hivi huvaa glovu za aunsi 8, na wazito zaidi huvaa za aunsi 10. Za mazoezini hufika aunsi 16, na hizo zikiwa mbele ya uso hukaribia kuuficha wote. Kwa watoto wadogo, glovu kubwa kuliko kichwa ni ukweli na pia ni picha nzuri, itumie.

Ulingo wa kweli una pande nne sawa, na ule wa ridhaa una mita 6.10 kila upande ndani ya kamba. Kamba siku hizi ni nne. Kona nyekundu na kona ya buluu zinatazamana kimshazari, na mbili zilizobaki ni nyeupe, hazina mwenyewe. Ajabu ni wangapi huchora nyekundu na buluu zikiwa bega kwa bega.

Kamba pia ndizo zinazoonyesha uzito. Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Ali aliegemea kamba raundi baada ya raundi akimwacha George Foreman apige hadi achoke, kisha akamwangusha raundi ya nane. Tazama picha za pambano lile kwa jicho la mchoraji: kamba zimepinda kwenda nje, na ule mpindo ndio unaokuambia mgongo umebeba nini. Kamba iliyochorwa kwa rula nyuma ya mtu anayeegemea inaua mchoro wote.

Usichore kwa kunakili picha ya mpiga picha wa magazeti. Picha ile ina mwenyewe, na kazi yako haitatembea mbali na yake. Mwombe rafiki asimame barazani, umpige picha ishirini kwa simu kutoka chini, kutoka juu ya ngazi, kutoka pembeni. Mimi niliwaomba vijana wawili wanaocheza kirumbizi, ngoma yetu ya kupigana kwa bakora. Wanajua kurudi nyuma bila kupoteza mizani, wanajua kumtazama mwenzao kifuani badala ya mkononi, na miguu yao imezoea kubadilishana zamu. Bakora niliziondoa, nikawavisha soksi. Miguu ya bango langu ni ya kirumbizi, na mabondia walioiona hawakuikosoa.

Kama bado unataka uso wa bondia mashuhuri, fahamu kuwa bango la chumbani kwako ni jambo moja, na bango la kuuza ni jingine. Sura na majina ya watu hao yana wenyewe wanaoyalinda, na ukitaka kuuza utahitaji idhini.

Michoro ya ukubwa wa kibiriti

Kata karatasi vipande kumi na viwili, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, na chora bango lote kwenye kila kipande kwa madoa meusi na meupe. Usichore uso wala kidole. Dakika mbili kwa kipande, ukitaka weka saa. Vitatu vya kwanza vitafanana, ni kawaida. Vitandaze sakafuni, usimame uvitazame kutoka juu. Kile kinachosomeka ungali umesimama ndicho cha kuendelea nacho.

Lipange kama leso

Nilihangaika na mpangilio wiki mbili nzima. Kwanza nilifuata mabango ya zamani ya Marekani, yale ya kadi nene ya sentimita 36 kwa 56 yaliyokuwa yakibandikwa madirishani mwa maduka: majina mawili makubwa ya herufi za mbao, picha mbili zinazotazamana, orodha ya mapambano chini, na wino unaotoka nyekundu ukaingia njano. Ni kazi za kupendeza, na nilijifunza kwazo kwamba herufi ni mchoro kama mchoro mwingine. Lakini lile ni tangazo la pambano linalokuja. Langu lilishapita zaidi ya miaka thelathini.

Jibu lilikuwa limeanikwa kambani uani kwetu. Leso ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno, yaliyokaa chini kidogo ya kati. Mama zetu wameisoma karatasi ya namna hiyo maisha yao yote, tena kwa mbali, tena ikiwa inatembea. Na ulingo ukiutazama kutoka juu ni leso: kamba ni pindo, mchanga ni mji.

Basi fanya hivi. Chukua karatasi ya A3, ambayo ni milimita 297 kwa 420, uisimamishe wima. Piga pindo la upana wa sentimita tatu kila upande. Ndani ya pindo hilo chora kamba zako. Usumba una nyuzi zilizosokotwa kimshazari, na msokoto huo ukirudiwa unakuwa nakshi bila kuongezewa ua lolote. Kwenye pembe nne weka zile fito. Pembe moja itie nyekundu, ya kimshazari yake buluu, mbili ziache nyeupe. Anayejua ndondi atatambua mara moja, na asiyejua ataona leso.

Mji uwe na tukio moja. Liweke juu kidogo ya katikati, kwa sababu jina litakula sehemu ya chini. Acha nafasi tupu. Robo nzima ya mji wangu ni mchanga mtupu wenye nyayo, na robo hiyo ndiyo inayofanya watoto wawili waonekane wadogo na bahari ionekane inakuja.

Nuru iamue mapema, kabla ya kutia wino. Shela jua la jioni hushukia nyuma ya vilima, halizami baharini. Vivuli kwa hiyo hulala kuelekea majini. Nikaviacha virefu, vikivuka kamba, na kivuli cha kichwa cha mmoja tayari kimegusa povu. Kama wewe ni wa Malindi au Kiunga, tembea hadi mahali penyewe saa ileile mliyokuwa mkicheza, utazame kivuli chako kinaelekea wapi. Kumbukumbu hudanganya kuhusu jua kuliko kuhusu kitu kingine chochote.

Jina

Maneno ya bango yawe machache kama ya leso, herufi kubwa, mstari mmoja. Nilijaribu jina la Wangila, nikajaribu "RAUNDI YA KWANZA", nikajaribu mwaka. Yote yalikuwa yanaeleza kile ambacho mchoro umeshasema. Jina la leso halielezi nakshi, linakaa kando yake likisema neno la kwake. Mwishowe nikaandika:

MAJI YA KIFUU BAHARI YA CHUNGU

Maji yaliyomo ndani ya kifuu cha nazi, kwa chungu, yaani sisimizi, ni bahari. Ulingo wa fito nne, kwetu ulikuwa Seoul. Sikuhitaji kuongeza neno, na glovu zetu zilijazwa kwa kilichokuwa kimekifunika kifuu hichohicho. Tafuta methali yako kwa wazee wa nyumbani kwenu. Utajua ni yenyewe pale itakapogusa kitu kilichomo kwenye orodha yako ya ishirini.

Herufi nakushauri uziandike kwa mkono. Fonti za kupakua zina sauti ya watu wengine. Mjomba wangu, aliyekuwa akiandika majina ya vyombo Matondoni, alinifundisha kuanza kwa chaki na kuanzia katikati: hesabu herufi na nafasi zote, tafuta ya kati, iandike kwanza, kisha nenda kulia na kushoto kwa zamu. Methali yangu ina herufi na nafasi 30, za kati ni ya 15 na ya 16, na hizo ni B na A za mwanzo wa "bahari". Ukianzia kushoto, mwisho wa mstari utabanwa. Kumbuka tu kwamba I ni nyembamba na M ni nene, kwa hiyo sogeza kwa jicho baada ya kuhesabu.

Wino, kisha kompyuta

Chora kwa penseli ya 2B, pitishia wino mweusi kwa brashi, futa penseli wino ukikauka kabisa. Unyevu wa huku hukawiza wino, mpe usiku mzima. Brashi naipenda kuliko kalamu kwa kazi hii kwa sababu mstari wake huanza mwembamba ukanenepa, kama ngumi inavyokwenda.

Piga skani kwa pikseli 600 kwa inchi. Ukikosa skana, piga picha kivulini saa nne asubuhi, simu ikiwa juu sawasawa ya karatasi, bila fleshi. Programu za bure zinatosha kazi yote: Krita kwa kutia rangi, Inkscape kwa kulainisha herufi, Scribus kwa kutengeneza PDF ya mchapishaji. Mchoro wa wino uweke kwenye tabaka la juu, rangi chini yake, kila rangi tabaka lake.

Rangi zisizidi tatu, ukiacha nyeusi. Zangu ni nyekundu ya kona, buluu ya kona, na njano ya binzari kwa mwanga wa jua juu ya mchanga. Rangi ya karatasi yenyewe ndiyo mchanga. Nyekundu ikipita juu ya njano inazaa rangi ya machungwa bila kulipia rangi ya nne, na hapo ndipo nilipopata ngozi za watoto na fito. Ukiwa na uchache huo kila kitu chekundu kinakuwa na sababu yake.

Kuchapisha

Hapa ndipo nilipotupa pesa. Nakala zangu za kwanza nilizipeleka zikiwa na rangi za RGB, rangi za skrini, na buluu niliyoitunza ikatoka zambarau. Badilisha faili iwe CMYK mwenyewe, yaani wino nne za mchapishaji: sayani, majenta, njano na nyeusi, kabla ya kuipeleka, uitazame upya. Kwenye buluu, kiwango cha majenta kiwe chini ya kile cha sayani kwa pointi 30 au zaidi. Mimi sasa natumia sayani 100, majenta 60. Herufi ndogo nyeusi ziwe nyeusi tupu ya asilimia 100, usichanganye wino nne, la sivyo kingo zitakuwa na ukungu.

Kwa bango la A2, yaani milimita 420 kwa 594, faili iwe na pikseli 4961 kwa 7016, ambayo ni 300 kwa inchi. Ongeza milimita 3 za kukatwa kila upande, ifike takribani 5031 kwa 7087. Pindo lako la kamba lisikae karibu sana na ukingo: kisu kikihama milimita mbili tu, upande mmoja utakuwa mwembamba na jicho litaona. Liingize ndani angalau milimita kumi.

Karatasi chukua ya gramu 200 kwa mita ya mraba, isiyong'aa. Nyembamba zaidi hujikunja kwa hewa ya chumvi, na inayong'aa hurudisha mwanga wa dirisha usione kitu. Omba nakala moja ya jaribio kwanza, hata kama ni A4, itazame nje juani na ndani jioni. Kisha ibandike ukutani, rudi nyuma hatua tano. Kama hatua ya tano husomi jina, lirudie.

Mimi huchapisha Mombasa, na mzigo huja kwa basi hadi Mokowe kisha kwa mashua. Kwa hiyo zikunje ndani ya bomba gumu, mchoro ukiwa upande wa nje ili zikifunguliwa kingo zielekee ukutani. Bomba lifunge kwa nailoni ncha zote mbili. Maji ya gatini hayaulizi.

Nyumba za mawe hupumua unyevu, basi usibandike karatasi moja kwa moja kwenye chokaa. Tia fremu yenye vipande vinne vya mbao nyuma, hewa ipite nyuma yake. Jua la moja kwa moja hula nyekundu na njano mapema, likabakisha buluu na nyeusi peke yake. Langu nimelitundika ndani ya daka, pale pa kuingilia nyumbani, ukuta wa kulia, pasipofikiwa na jua. Nyuma ya fremu nimebandika ule ukurasa wa daftari wenye vitu ishirini.